Sura ya Tano: Mafuta Yanayokunywa Maji

Wiki ya mwisho ya Desemba, jirani yangu, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa akirudi nyumbani kutoka Nairobi. Alikuwa na mkewe, wajukuu watatu na mizigo ya Krismasi ndani ya Mercedes-Benz ya C-Class aliyoinunua mwaka uliotangulia ikiwa imetoka Uingereza. Mai Mahiu, Narok, Bomet, Sotik, kote huko gari lilikwenda bila neno. Walisimama Keroka wakanywa chai, kisha wakaanza kuteremka kuelekea mjini Kisii wakiwa nyuma ya lori lililokuwa likijikokota. Nafasi ya kulipita haikupatikana, kwa hiyo mwalimu aliuacha mguu wake juu ya breki, kidogo kidogo, kilomita baada ya kilomita.

Walipokaribia mji, lori likasimama ghafla. Mwalimu akakanyaga breki, na pedali ikazama kama mguu uliokanyaga tope la shambani. Akakanyaga tena, mara ya pili, mara ya tatu. Gari likasimama hatua mbili tu nyuma ya lori. Mjukuu mdogo ndiye peke yake aliyeendelea kuzungumza.

Aliliegesha kando, wakapumzika karibu nusu saa. Alipojaribu tena, pedali ilikuwa ngumu na juu, kama siku zote. Kesho yake alilipeleka gereji. Waliinua gari, wakachungulia magurudumu manne, wakamwambia pedi za breki ni nene, diski ni nzima, hakuna paipu inayovuja, na kikopo cha mafuta ya breki kimejaa. Gari zima. Aende.

Hakuridhika, na hilo ndilo lililomwokoa. Alikwenda kwa fundi mwingine mjini, mtu wa makamo asiye na maneno mengi, ambaye kabla ya kugusa jeki alifungua boneti na kuuliza, "Mwalimu, mafuta ya breki yalibadilishwa lini?"

"Yapo, fundi. Kikopo kimejaa."

"Naona yapo, Mwalimu. Nauliza yalibadilishwa mwaka gani."

Mwalimu hakujua. Yard iliyomuuzia gari haikumwambia, naye hakuuliza. Fundi alivuta kiasi kwa bomba la sindano, akakitia kwenye glasi na kukiinua kwenye mwanga. Mafuta yalikuwa na rangi ya strungi. Yakiwa mapya huwa na rangi nyepesi ya manjano, karibu na ya asali changa.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndani yake kuna kosa ambalo nimeliona mara nyingi kuliko jingine lolote katika magari ya Ulaya yanayotembea milima ya Gusii. Wenye magari haya huogopa kompyuta, sensa, na bei ya spea. Hawaogopi mkebe mdogo wa plastiki ulio chini ya boneti. Lakini mkebe huo ndio unaoamua kama gari la tani mbili litasimama mwisho wa mteremko.

Kiswahili chetu kinayaita mafuta ya breki, na jina hilo limetuponza. Si mafuta. Mafuta halisi hukataa maji: ukimimina mafuta ya kupikia ndani ya glasi ya maji, kila kimoja hukaa upande wake. Kitu kilicho ndani ya breki za karibu kila gari la leo ni kemikali ya jamii ya glaikoli, na glaikoli hupenda maji. Huyanywa kutoka hewani, kidogo kidogo, kupitia mipira ya breki na kifuniko cha kikopo, usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa. Wahandisi walilikubali jambo hilo kwa makusudi. Maji yakiingia, ni afadhali yayeyuke na kutawanyika kuliko kukusanyika pahali pamoja na kulisha kutu. Gharama ya ukarimu huo ni kwamba kiwango cha kuchemka hushuka.

Kwenye mkebe utaona herufi DOT na namba. Magari mengi ya Ulaya yanataka DOT 4. Viwango vinasema DOT 4 mpya isichemke kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikiisha kunywa maji kiasi cha asilimia 3.7, inaruhusiwa kuchemka kuanzia nyuzi 155. DOT 3 iko chini zaidi, 205 ikiwa mpya na 140 ikiisha kulowa. Kwa DOT 4, nyuzi 75 zimepotea bila kikopo kupungua hata tone, na bila taa yoyote kuwaka kwenye dashibodi. Gari la mwalimu lilikuwa limetembea Uingereza yenye mvua, likavuka bahari, likapita Mombasa, likaja kuishi katika eneo linalopata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Muda wote huo mafuta yalikuwa yakinywa.

Sasa fikiria joto. Breki haifuti mwendo, huugeuza kuwa joto. Gari la kilo 1,800 pamoja na watu na mizigo, kila linaposhuka mita 100 kwa kimo, hutoa nishati ya kutosha kuchemsha zaidi ya lita 5 za maji ya baridi. Ni sufuria ya chai ya familia nzima. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Keroka, mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, uko juu zaidi. Ukitoka Kisii kwenda Kisumu kupitia Oyugis na Sondu, mpaka ufike uwanda wa Kano umeshuka zaidi ya mita 500, maana Ziwa Victoria liko mita 1,134. Hizo ni sufuria tano za chai na zaidi. Upepo huchukua sehemu ya joto hilo, na injini huchukua sehemu ukiiruhusu. Linalobaki huingia kwenye diski nne za chuma, pedi, na pistoni za kalipa. Nyuma ya kila pistoni, kwa umbali wa milimita chache, kuna yale mafuta.

Mafuta yakichemka hutoa mapovu ya mvuke. Breki hufanya kazi kwa sababu kimiminiko hakibonyei: unachosukuma huku kinafika kule. Mvuke unabonyea. Ndiyo maana pedali ya mwalimu ilizama, na ndiyo maana baada ya nusu saa, mvuke ulipopoa na kurudi kuwa kimiminiko, breki "zilipona". Gereji ya kwanza ililitazama gari lililopoa. Kwa hiyo haikuona kitu.

Kuna uchovu mwingine wa breki unaofanana na huu lakini si huu. Pedi zikipata joto kupita kiasi hupoteza uwezo wa kushika diski. Hapo pedali hubaki ngumu na juu, unakanyaga kwa nguvu zote, na gari halipungui mwendo, huku harufu kali ikiingia ndani. Tofauti hii ikumbukwe na kila dereva, kwa sababu ndiyo jambo la kwanza fundi mzuri atakalouliza: pedali ilizama, au ilikuwa ngumu? Ikizama, tafuta mafuta, hewa au mvujo. Ikiwa ngumu, tafuta pedi, au busta inayosaidia mguu wako.

Mercedes-Benz na BMW wamekuwa wakisema kwa miaka mingi mafuta haya yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Wengi huchukulia kwamba ni ushauri wa watu matajiri. Mimi nasema kwa Kisii na Nyamira miaka miwili ndiyo mwisho, na gari lililonunuliwa kutoka nje libadilishwe kabla ya kitu kingine chochote, hata kabla ya kuoshwa. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na wengi wetu hununua yaliyokaribia mpaka huo kwa sababu ndiyo tunayoyamudu. Gari la miaka 7 laweza kuwa na mafuta ya miaka 7.

Kazi yenyewe haihitaji gereji ya marumaru. Inahitaji karibu lita moja ya mafuta sahihi kutoka mkebe uliofunguliwa siku hiyo. Mkebe uliokaa wazi kwenye rafu tangu mwezi uliopita nao ulikuwa ukinywa maji. Fundi hunyonya mafuta ya zamani kutoka kikoponi, hujaza mapya, kisha huyapitisha gurudumu moja baada ya jingine mpaka yatoke masafi yasiyo na povu. Kwa kawaida huanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo katika gari letu la usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, ingawa kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Afadhali atumie chombo cha kusukuma mafuta kwa shinikizo dogo la hewa kuliko kumweka kijana ndani akanyage pedali mpaka sakafuni. Katika masta silinda iliyozeeka, sehemu ambayo pedali haifiki siku za kawaida huwa na kutu, na kuikanyaga mpaka mwisho hukata mipira ya ndani. Kama hana chombo hicho, aweke kipande cha ubao chini ya pedali. Katika magari mengine, sehemu ya mafuta hubaki imejificha ndani ya pampu ya ABS, na ni mashine ya kompyuta inayoweza kuiamuru pampu iyatoe.

Narudi kwenye jina, kwa sababu nimeona madhara yake. Kwa kuwa tunasema "mafuta", kuna watu waliojaza kikopo hicho kwa mafuta ya injini au ya usukani pale yalipopungua barabarani. Mipira ya breki hufura kama maharagwe yaliyolowekwa. Kalipa hubana na hazirudi. Gari la namna hiyo halitibiwi kwa kuosha paipu tu. Kila mpira uliogusana na mafuta hayo hubadilishwa, kuanzia masta silinda hadi kalipa, na mara nyingi pampu ya ABS pia. Ukikosa mafuta sahihi, usijaze kitu kingine. Egesha gari. Na ujiulize yaliyopungua yamekwenda wapi, kwa maana hayachomwi kama petroli. Ama pedi zimekwisha na pistoni zimetoka nje, ama kuna mahali panapovuja.

Ile hofu ya kompyuta niliyoitaja mwanzoni ina historia yake. Tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, Mercedes ilikuwa gari la mkubwa, na watu wa Afrika Mashariki wakapata neno la kuwaita wenye nazo: wabenzi. Gari lililoheshimiwa hivyo halikuguswa na fundi wa kawaida. Lilirudishwa kwa ajenti Nairobi. Mwaka 1978 Mercedes iliweka kwenye S-Class mfumo wa ABS uliotengenezwa na Bosch, unaozuia magurudumu yasijifunge breki zikishikwa kwa nguvu. Mwaka 1995 ukaja mfumo wa kulinda gari lisiserereke, unaotumia breki ya gurudumu moja moja kulirudisha gari kwenye njia yake. Mtu anayeendesha kwenye lami iliyolowa tope jekundu kati ya Nyamira na Kebirigo anajua thamani yake hata kama hajui jina lake.

Kisha, mwaka 2001, Mercedes ilikwenda mbali zaidi. Kwenye SL, na mwaka uliofuata kwenye E-Class, mguu wa dereva haukusukuma tena mafuta moja kwa moja. Uliipa kompyuta habari, na pampu ya umeme yenye hifadhi ya shinikizo kubwa ndiyo iliyobana breki. Mfumo huo ulijulikana kwa herufi SBC. Ulikuwa hodari, lakini ulikuwa na hitilafu. Mwaka 2004 kampuni iliyaita magari yapatayo 680,000 duniani yakaguliwe breki hizo. Mwaka 2005 iliita magari milioni 1.3 kwa matatizo ya umeme, na breki hizo zilikuwa miongoni mwa yaliyotajwa. Mwaka 2006 E-Class ilirudishiwa breki za kawaida.

Magari hayo hayajafa. E-Class za kati ya 2002 na 2006 ziko Kisii leo, mikononi mwa mmiliki wa tatu au wa nne, zimenunuliwa kwa bei ya gari dogo la Kijapani. Kama unataka kununua moja, jua mambo mawili. La kwanza, pampu hiyo huhesabu: kila breki inaposhikwa inaandika, na ikifika karibu mara 300,000 inatoa onyo jekundu la kukuambia uende gereji. Kuna watu wanaofuta hesabu hiyo kwa kompyuta bila kubadilisha pampu, na gari likauzwa likionekana zima. Mfumo ukikata kabisa, breki za mbele pekee hubaki, kwa nguvu za mguu wako mtupu, na pedali huenda chini sana kabla ya kushika.

La pili linamhusu fundi, na naomba alisome polepole. Mfumo wa SBC unaweza kujiamsha wenyewe gari likiwa limezimwa: mlango ukifunguliwa, rimoti ikibonyezwa, au mtu akigusa pedali. Pampu hujaza shinikizo na pistoni hutoka kwa nguvu ya kukata kidole. Usifungue kalipa ya gari hilo kabla ya mfumo kulazwa kwa mashine ya kompyuta inayoufahamu, na ufunguo ukae mfukoni mwako wewe uliye chini ya gari. Kama huna mashine hiyo, mwambie mwenye gari ukweli, na umwelekeze aliyenayo. Hakuna aibu katika hilo. Kidole hakina spea.

Mengine ya kompyuta ni mepesi kuliko sifa zake. Volkswagen Passat na Audi nyingi tangu katikati ya miaka ya 2000 zina hendibreki ya umeme, yenye mota ndogo nyuma ya kila kalipa ya nyuma. Lazima mota irudishwe kwa mashine kabla ya kubadilisha pedi. Anayeisukuma pistoni kwa klempu huvunja meno ya ndani na kumnunulia mteja kalipa mpya. BMW nyingi zina waya mwembamba ndani ya pedi ya mbele kushoto na ya nyuma kulia. Pedi ikiisha, waya unakatika na taa inawaka. Nimeona nyaya hizo zimesokotwa pamoja na kufungwa kwa utepe ili taa izime. Taa ilizimika kweli, na dereva aliyenunua gari hilo baadaye aligundua pedi zimekwisha pale chuma kilipoanza kusaga chuma kwenye mteremko. Sensa hiyo hubadilishwa pamoja na pedi na bei yake ni ndogo kuliko ya tairi la pikipiki.

Diski ndizo zinazoleta ugomvi mkubwa zaidi kati ya fundi na mteja. Diski za Ulaya hulika pamoja na pedi, na kwa kawaida seti mbili za pedi zikiisha diski nayo imefika mwisho. Kila moja imepigwa chapa ukingoni au katikati: MIN TH na namba ya milimita. Chini ya unene huo, diski haina tena chuma cha kutosha kubeba joto, na ile sufuria ya chai inachemka mapema zaidi. Lakini usukani ukitetemeka breki zikishikwa, desturi ni kuipeleka diski kwenye lethi ikanyoroshwe. Wachongaji wa Tabaka wanajua kuhusu mawe yao kwamba kilichochongwa hakirudi. Diski iliyokuwa na nusu milimita ya uhai hutoka kwenye lethi ikiwa inang'aa na imekufa. Pimeni kwanza. Na mara nyingi kinachotetemesha si diski yenyewe, ni kutu na udongo uliobaki kati ya diski na kitovu cha gurudumu, au boliti zilizokazwa kwa bomba refu mpaka zikaivuta diski upande. Gari nyingi za aina hii zinataka nguvu ya kati ya Nm 110 na 140, kulingana na modeli, na spana ya kuipimia inapatikana Kisii.

Udongo wetu una sehemu yake. Ukizunguka kwenye barabara za majani chai za Sanganyi, Kebirigo na Nyansiongo, tope jekundu hujaa ndani ya rimu. Mpira mdogo unaofunika pini za kalipa ukichanika, vumbi na maji huingia, pini inakwama. Kalipa iliyokwama hubana kwa pedi moja tu, kwa kawaida ya ndani. Ile ya nje inabaki nene, inaonekana vizuri kupitia matundu ya rimu, na fundi aliyechungulia bila kufungua gurudumu anasema pedi bado. Kwa hiyo gurudumu lifunguliwe, zote mbili zionekane. Pini zisafishwe na zipakwe grisi ya silikoni iliyotengenezwa kwa breki. Grisi ya kawaida hufurisha mpira, sawa na yale mafuta ya injini. Vumbi la breki lisipulizwe kwa hewa ya kompresa. Lioshwe kwa maji au kisafishio, kwa sababu hakuna anayejua kilichochanganywa ndani ya pedi za bei rahisi, na mapafu ya fundi hayabadilishwi.

Kuhusu kuosha: dereva akitoka Keroka kwa kasi huingia moja kwa moja pa kuoshea magari, na maji baridi yanamwagwa kwenye diski zilizo moto kama kikaango. Chuma hupinda, au hupasuka nyufa ndogo. Subiri nusu saa.

Spea zetu nyingi hutoka Kirinyaga Road, Nairobi, zikaja Kisii kwa basi au matatu usiku. Usiagize kwa jina la gari. C-Class moja na nyingine za mwaka mmoja zinaweza kuwa na diski za ukubwa tofauti, kulingana na injini. Agiza kwa namba ya chesisi, herufi na tarakimu zake zote 17. Pedi halali kwa soko la Ulaya huwa na alama ya herufi E ndani ya duara na maandishi 90R, kumaanisha zimepimwa zikaonekana hazitofautiani na za kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15. Alama inaweza kughushiwa, ndiyo maana muuzaji ni muhimu kuliko alama: nunua kwa anayekupa risiti yenye namba ya spea na anayekubali kurudishiwa isipoingia.

Hata breki bora huharibiwa na mguu. Mteremkoni, usiache mguu ukielea juu ya pedali kama alivyofanya mwalimu. Punguza gia mapema, kabla ya mteremko kuanza, kwa mkono, hata kama gari ni otomatiki, ili injini ilizuie gari. Ukihitaji breki, ikanyage kwa uthabiti, mwendo upungue, kisha uiachie ipumue. Na wale wanaotoa gia kwenye mteremko gari likateremka fri ili kuokoa petroli, katika gari la kisasa hawaokoi kitu. Gari likishuka ndani ya gia bila wewe kukanyaga mafuta, kompyuta hukata petroli kabisa. Likiwa fri, injini inahitaji petroli ili isizime. Wanalipa petroli zaidi na kuziachia breki peke yake mzigo wote wa mlima. Wanaozima injini kabisa wanafanya vibaya zaidi: busta hubaki na hifadhi ya kukanyaga mara moja au mbili hivi, kisha mguu wako ndio unaobaki.

Fundi wa mwalimu alimaliza kazi kabla ya saa sita mchana. Hakubadilisha pedi wala diski, kwa sababu hazikuhitaji. Alipitisha lita moja ya mafuta mapya, akasafisha pini, akakaza boliti kwa kipimo, kisha akaandika tarehe na kilomita kwenye karatasi ndogo na kuibandika chini ya boneti, karibu na kikopo. "Mwalimu," alimwambia, "miaka miwili kutoka leo, hata kama gari limelala tu nyumbani."

Kama chini ya boneti yako hakuna karatasi ya namna hiyo, wewe hujui umri wa mafuta yako. Mpelekee fundi gari kabla ya safari ya Desemba, umuulize swali lile lile: yalibadilishwa mwaka gani? Akishindwa kukujibu, ayabadilishe siku hiyo hiyo, naye aandike tarehe.